Mbolea ya Umm Said na Kiwanda cha Tanga

Kituo cha metro kilicho katikati ya West Bay kimepewa jina la kampuni: West Bay QatarEnergy. Ukipanda ngazi kutoka chini unatokea kati ya minara ya vioo, wizara hapa, benki pale, na makao makuu ya shirika hilo la mafuta na gesi, vyote vimebanana kwenye ardhi iliyofukiwa kwa mchanga juu ya maji ya bahari. Kwa muda mrefu jengo kubwa la pale lilikuwa moja tu, hoteli ya Sheraton yenye umbo la piramidi, iliyofunguliwa mwaka 1982. Bomba la moshi huoni hata moja. Viwanda viko Mesaieed, kama kilomita 40 kusini, na Ras Laffan, kama kilomita 80 kaskazini. West Bay ni mahali pa mikataba. Ndipo inapoamuliwa gesi iende kwa nani, kwa bei gani, kwa miaka mingapi.

Mtu wa Afrika Mashariki akishuka hapo alfajiri atakisikia Kiswahili kabla hajafika barabarani, maana walinzi Wakenya na Waganda wanapokezana zamu milangoni. Wengi wetu tukiitazama mandhari hii tunahitimisha upesi kwamba hawa wana gesi nyingi na watu wachache, hivyo hawana la kutufundisha. Hitimisho hilo naliona la haraka mno. Miaka mingi kabla gesi haijaitajirisha, Qatar ilifanya jambo ambalo Tanzania na Kenya nazo zilijaribu kulifanya, katika muongo uleule na kwa bidhaa ileile. Ilijenga kiwanda cha mbolea. Chake kinafanya kazi hadi leo, vyetu havipo, na sababu si gesi peke yake.

Mkulima wa mahindi wa Songea au Mbozi anaijua urea kwa kazi yake, mbolea ya kukuzia. Ni punje nyeupe zinazoteleza mkononi, anazitia pembeni mwa shina mahindi yakifika magotini, na anaomba mvua inyeshe siku hiyohiyo. Ndani ya punje hizo mna gesi. Kiwandani gesi asilia hupitishwa kwenye mvuke na joto kali itoe haidrojeni. Haidrojeni huunganishwa na naitrojeni ya hewani kupata amonia. Amonia ikikutanishwa na kabonidayoksaidi, ndiyo urea. Gharama kubwa ya kazi yote hiyo ni gesi. Kwa hiyo anayeuza urea duniani ni, kwanza kabisa, mtu mwenye gesi ya bei nafuu karibu na bandari.

Kampuni ya mbolea ya Qatar, QAFCO, iliundwa mwaka 1969, miaka miwili kabla ya uhuru, ikaanza kuzalisha 1973 huko Umm Said, mji ambao sasa unaitwa Mesaieed. Wakati huo gesi iliyotoka pamoja na mafuta ya Dukhan ilikuwa mzigo, ikichomwa hewani usiku na mchana. Serikali haikuingia peke yake. Ilishirikiana na Norsk Hydro ya Norway, kampuni iliyokuwa ikitengeneza na kuuza mbolea tangu 1905, pamoja na wajenzi wa mitambo na benki kutoka Uingereza. Norsk Hydro ilikuwa na hisa, ikasimamia kiwanda, ikatafuta wanunuzi. Soko la ndani halikuwepo. Qatar haina mashamba ya kumeza mbolea ya kiasi hicho, hivyo mfuko wa kwanza kabisa ulilazimika kumpata mnunuzi mgeni, India au kwingineko, ambaye hakujali bendera ya Qatar. Alijali bei na ubora.

Mwaka mmoja kabla, 1972, kiwanda cha mbolea cha Tanga kilikuwa kimeanza kazi. Waliokijenga na kuuza mitambo yake ni Klöckner wa Ujerumani Magharibi, nao wakawa na hisa pamoja na Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Karatasini kilifanana sana na kile cha Umm Said: serikali, mbia mgeni, bandari, bidhaa inayohitajika. Tofauti zilianzia mlangoni. Amonia na salfa viliagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, vikashushwa Tanga, vikatengenezwa, kisha mifuko ikasafirishwa kilomita elfu moja na zaidi hadi Nyanda za Juu Kusini, waliko wakulima. Mchumi Andrew Coulson, aliyekichambua kiwanda hicho katika makala ya mwaka 1977, alionyesha kwamba nchi ingetumia fedha kidogo zaidi kama ingeagiza mbolea iliyokwisha kutengenezwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 1991.

Kenya nayo ilikuwa na Ken-Ren, mradi wa kiwanda cha mbolea cha Mombasa uliowekewa mikataba katikati ya miaka ya 1970, ukiwa na mbia kutoka Marekani na mikopo kutoka Ubelgiji na Austria iliyodhaminiwa na serikali. Haukutoa hata mfuko mmoja. Wakenya waliendelea kulipa deni lake kwa miongo kadhaa, na jina Ken-Ren likabaki likijitokeza katika ripoti za wakaguzi kizazi kilichoanzisha mradi kikiwa kimeshastaafu.

Katika maelezo ya kawaida ya kushindwa huku, jambo moja halipewi uzito wake. Tunasema rushwa, tunasema uzembe wa mashirika ya umma, tunasema bei za mafuta za 1973 na 1979, na yote hayo yalikuwepo. Mimi naanza na swali jingine: mbia alikuwa anakula wapi? Klöckner alipata faida siku alipouza mitambo. Kiwanda kikizalisha robo ya uwezo wake au kikisimama, fedha yake ya msingi imeshaingia. Waliouza mradi wa Ken-Ren nao hawakuhitaji mbolea itoke ndipo walipwe, kwa kuwa serikali ilikuwa imeshadhamini mkopo. Norsk Hydro ni kweli ilikuwa na maslahi yake Qatar, na waliojenga mitambo walipata chao, lakini sehemu kubwa ya mapato ya Wanorway ilitegemea tani zilizotoka kiwandani na kuuzwa. Urea isipouzika, nao hawapati. Mwaka 1979 kiwanda kikapanuliwa, kikapanuliwa tena 1997, tena 2004, na tena mwanzoni mwa muongo wa 2010, hadi uwezo ukapita tani milioni 5 za urea kwa mwaka mahali pamoja. Mwaka 2020 Qatar ikainunua robo ya hisa iliyobaki mikononi mwa Yara, kampuni iliyozaliwa kutoka Norsk Hydro, kwa dola bilioni 1. Nusu karne ya kujifunza ilimalizika kwa mwanafunzi kumlipa mwalimu na kuagana naye kwa amani.



Wanaoisoma Korea Kusini wataitambua hoja hii. Kiwanda cha chuma cha Pohang kilianza kazi mwaka huohuo wa 1973, baada ya Benki ya Dunia kukataa kukikopesha kwa hoja kwamba nchi maskini kama ile haikuwa na sababu ya kuyeyusha chuma. Serikali ya Park Chung-hee iliwapa wenye viwanda mikopo ya bei rahisi na ulinzi wa soko, ikawadai kitu kimoja ambacho huwezi kukighushi kirahisi: mauzo ya nje. Takwimu za uzalishaji wa ndani waziri anaweza kupambiwa. Mnunuzi wa Osaka au Mumbai harembi kitu. Ananunua au anaondoka. Tanga haikuwahi kukutana na mnunuzi wa namna hiyo. Mbolea yake iligawiwa kupitia mashirika ya umma kwa bei iliyopangwa ofisini, na mkulima asiye na pa kwenda alipokea kilicholetwa, hata kikichelewa hadi mahindi yameanza kutoa mbelewele.

Jambo la pili ni muda, na hapo gesi yenyewe inaingia. Hazina kubwa ya gesi ya Qatar, North Field, iligunduliwa na Shell mwaka 1971. Meli ya kwanza ya gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika iliondoka Ras Laffan Desemba 1996, ikielekea Japani. Robo karne nzima ilipita hapo katikati, tena haikuwa ya kungoja tu. Kampuni ya Qatargas iliundwa 1984. BP, iliyokuwa mbia, ilijitoa mwanzoni mwa 1992 ikiona mradi hautalipa. Kilichouokoa ni ahadi ya mnunuzi: kampuni ya umeme ya Chubu ya Japani ilikubali kuchukua tani milioni 4 kila mwaka kwa miaka 25. Kwa karatasi hiyo Qatar ikakopa, na ikakopa sana, hadi bei ya mafuta ilipoanguka 1998 wengi wakahofia nchi imejifunga kitanzi. Mwaka 2005 serikali ikasimamisha miradi mipya ya North Field ili kwanza ichunguze mwamba unavyostahimili, na katazo hilo likadumu hadi 2017, hata pale kampuni kubwa za dunia zilipokuwa zikibisha hodi. Desemba 2010 uwezo ulikuwa umefika tani milioni 77 kwa mwaka. Sasa mpango uliotangazwa ni kufika milioni 142 kabla ya 2030 kumalizika.

Linganisha na kwetu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, kiwanda cha Tanga kikiwa na umri wa miaka miwili na kikilipia amonia kwa dola. Iliwasha mitambo Dar es Salaam mwaka 2004. Hapo kati, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikuwepo mpango wa kiwanda cha amonia Kilwa, KILAMCO, uliokuwa na mantiki yote ambayo Tanga ilikosa: gesi jirani, bahari jirani, mauzo ya nje. Haukujengwa. Miaka ya 2010 ukaja mpango mwingine wa Kilwa, safari hii shirika la umma la mafuta, TPDC, likishirikiana na Ferrostaal ya Ujerumani, Haldor Topsoe ya Denmark na Fauji ya Pakistani. Mazungumzo yakakwama kwenye bei ya gesi.

Hapo ndipo ningependa msomaji asimame kidogo, kwa sababu bei ya gesi mlangoni mwa kiwanda ndiyo sera ya viwanda yenyewe. Hotuba na maonesho ya Sabasaba ni mambo mengine. Qatar ilipoiuzia QAFCO gesi kwa bei ya chini kwa mikataba ya muda mrefu, ilikuwa inaacha mapato leo ili ipate kiwanda, ujuzi na soko kesho, na ilijua inaacha kiasi gani. Tanzania ilijenga bomba kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, likakamilika 2015 kwa mkopo wa China wa dola bilioni 1.2 hivi, na gharama ya bomba hilo inabebwa na bei ya gesi. Kwa miaka mingi bomba lilipitisha gesi kidogo kuliko uwezo wake, huku mwekezaji wa mbolea akitajiwa bei ambayo kwayo hawezi kushindana na urea ya Ghuba. Kila upande ulikuwa na hesabu zake halali. Kilichokosekana ni mamlaka ya kusema: tani hizi za gesi tunazitenga kwa mbolea, kwa bei hii, kwa miaka 20, na hasara ya mwanzo itaonekana bungeni kwenye bajeti badala ya kufichwa kwenye vitabu vya shirika.

Gharama ya kutoamua tuliilipa 2022. Vita vya Ukraine vilipoanza, urea ilivuka dola 900 kwa tani, na mfuko wa kilo 50 Tanzania ukapita shilingi 100,000. Agosti mwaka huo serikali ilizindua ruzuku ya mbolea iliyotengewa shilingi bilioni 150. Kenya ilishusha mfuko hadi shilingi zake 3,500 mwezi Septemba, na baadaye 2,500. Ruzuku hizo zilikuwa za lazima. Mkulima aliyekosa mbolea msimu ule angekosa chakula mwaka unaofuata. Lakini fedha hiyo ilitoka kwenye hazina zetu, ikapita kwa waagizaji, na sehemu yake ikaishia kwa wauzaji wa gesi iliyogeuzwa punje, wakiwemo wenye ofisi West Bay. Na Qatar ni nchi yenye watu kama milioni 3, na raia wake ni takriban mmoja kati ya kila kumi.

Idadi hiyo ndiyo inayoweka mpaka wa somo la Qatar. Tusilivuke. Viwanda vya Mesaieed na Ras Laffan vinaingiza mabilioni na kuajiri watu wachache. Kiwanda cha urea ni mabomba, vyumba vya udhibiti na wahandisi, na kikishamaliza kujengwa kinaweza kuendeshwa na watu wanaoenea katika mabasi machache. Nchi ya raia laki tatu na ushei inaweza kuishi hivyo. Tanzania, iliyohesabu watu milioni 61.7 katika sensa ya 2022, haiwezi. Tena Qatar yenyewe, baada ya miaka 50 ya chuma, mbolea, plastiki na aluminiamu, bado inauza gesi kwa sura mbalimbali. Aluminiamu ya Qatalum, ubia na Norsk Hydro uliozinduliwa 2010, ni umeme wa gesi uliogandishwa kuwa chuma cheupe. Shehena zake za gesi zote hupita mlango mmoja wa bahari, Hormuz, na hakuna sera ya viwanda inayoweza kuuhamisha mlango huo.

Minara yenyewe ilijengwa na kulindwa na watu wa nje. Mlinzi kijana wa Kakamega au Mbale anayesimama mlangoni West Bay kwa saa kumi na mbili ameingia katika uchumi huu kupitia wakala, mara nyingi kwa deni lililoikaba familia nyumbani. Sheria zimebadilika, na mabadiliko hayo ni ya kweli: tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi na chakula huongeza 500 na 300, nayo ruhusa ya mwajiri ya kuhamia kazi nyingine ilifutwa 2020. Utekelezaji unatofautiana kati ya mwajiri na mwajiri, kama kila mhamiaji atakavyokueleza. Kwa uchambuzi huu inatosha kuona kwamba Kenya, iliyopokea dola bilioni 4.9 kutoka kwa watu wake wa ughaibuni mwaka 2024, sehemu kubwa ikitoka Marekani, sasa inategemea zaidi fedha za watu wake walio nje kuliko inavyotegemea chai. Serikali inatia saini makubaliano ya ajira za nje na kuyahesabu kama mafanikio. Kijana anayemwangalizia Mqatari mlango alipaswa kuwa fundi mitambo Mombasa, kwenye kiwanda ambacho babu yake alikilipia deni.

Kwa hiyo gesi isiombwe kazi isiyoiweza. Gesi itupe mbolea, umeme wa uhakika na fedha za kigeni. Ajira zitafutwe mahali pengine, kwenye nguo za Athi River zinazoshonwa kwa ajili ya soko la Marekani, na kwenye korosho. Mtwara na Lindi, mikoa iliyokaa juu ya gesi, ndiyo mikoa ya korosho, na hadithi ya viwanda vyake inafanana na ya Tanga kwa uchungu. Vilijengwa kumi na viwili miaka ya 1970 kwa mikopo, wakati mavuno yalikuwa yamefika tani 145,000 katika msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ikadidimia, viwanda vikakaa bila korosho. Mavuno yalikuja kurudi na kupita rekodi ile, lakini sehemu kubwa bado inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ambako ubanguaji, kazi ya mikono mingi, unafanyika. Watu wa Mtwara walipoandamana 2013 kupinga gesi kusafirishwa bila viwanda kujengwa kwao, na wengine wakapoteza maisha, walikuwa wanasema kitu ambacho mchumi yeyote wa maendeleo angekitia saini. Jibu lilikuwa askari.

Leo mambo mawili yamebadilika, na yote mawili yanaipa Tanzania nafasi ambayo haikuwa nayo miaka kumi iliyopita. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, na kila megawati ya maji inayoingia gridi inapunguza gesi inayohitajika kuchomwa kwa ajili ya umeme. Na Nigeria imeshaonyesha kwamba mbolea ya gesi inawezekana barani: kiwanda cha mfanyabiashara Dangote cha Ibeju-Lekki, chenye uwezo wa tani milioni 3 za urea, kilizinduliwa Machi 2022 na kinauza Brazili na Marekani. Dangote huyohuyo ana kiwanda cha saruji Mtwara kinachotumia gesi. Agosti 2025 alitia saini mkataba wa kiwanda cha mbolea cha dola bilioni 2.5, na nchi aliyotia saini nayo ni Ethiopia.

Wakati huohuo mazungumzo ya mradi wa gesi wa Lindi yanaendelea na Equinor, Shell na wenzao, juu ya gesi ya bahari kuu ambayo pamoja na ile ya nchi kavu inakadiriwa kufika futi za ujazo trilioni 57. Makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza kwamba majadiliano yamekamilika. Mkataba wenyewe umekuwa ukisogezwa mbele. Umma unasikia zaidi kuhusu dola bilioni 42 za uwekezaji, idadi ambayo haimwambii mkulima wa Mbozi lolote. Kifungu cha kukiulizia ni kile cha gesi itakayobaki nchini: kiasi gani kwa mwaka, nani ataipata, kwa bei ipi mlangoni mwa kiwanda, na mwenye kiwanda atadaiwa mauzo ya nje kiasi gani kabla ya kuongezewa mgawo. Kifungu hicho kinaweza kuchapishwa kabla ya saini kwa sababu bei ya gesi ya viwanda si siri ya ulinzi, na kikichapishwa, Kilwa itaweza kutafutiwa wabia kwa zabuni ya wazi, wakiwemo wanaouza mbolea duniani na si wauza mitambo peke yao. Kamati ya Bunge inayosimamia nishati ina uwezo wa kukidai katika kikao chake kijacho.